Pindo la Inchi Nne

Mtu akiniambia mwanawe amepata diploma, kabla sijampa hongera huuliza kwanza imetambuliwa na nani. Najua si adabu. Dada yangu amenikanya mara nyingi, akisema nawatia watu baridi siku ya furaha yao, na ni kweli. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka wangu mimi alikuwa na muhuri wa rangi ya dhahabu na utepe mwekundu. Bado ninaye, yuko sandukuni chini ya mashuka.

Mwisho wa miaka ya sabini tulikuwa tukikaa Umoja. Tulikuwa tumeongeza chumba kwa nyuma kama majirani wote, nami humo niliweka cherehani yangu na kushona sare za shule. Siku tatu kwa juma nilikwenda Mathare, ambako kanisa letu lilikuwa na darasa la ushonaji la wasichana waliokwama baada ya mtihani wa darasa la saba. Wasichana kumi na wanne, cherehani tatu, moja ikikatika mkanda kila mara. Akina mama wa kanisa waliniomba nishike darasa kwa muda tu, na muda ukawa mwaka, ukawa miwili, ukawa mitatu. Hakuna aliyeniuliza cheti. Wazazi walitazama nguo ambazo binti zao walivaa Jumapili, wakaridhika.

Kisha kukaja habari kwamba serikali ilikuwa tayari kulichukua darasa letu liwe politekniki ya vijana. Tungepata cherehani mpya, na wasichana wangefanya majaribio ya ufundi ya serikali, wapate karatasi za kuombea kazi viwandani. Ila mwalimu naye alitakiwa awe na karatasi. Mwenyekiti wa kamati ya darasa letu, mzee wa kanisa aliyestaafu kazi ya reli, alinieleza bila kuficha: nisipokuwa na cha kuonyesha, serikali italeta mwalimu wake, na mimi nitashukuriwa kwa chai na keki. Nilikuwa nawajua wale wasichana mmoja mmoja, nani ana mkono mzito, nani huja bila kula, nani hucheka ili asilie. Wazo la kumwachia mgeni lilinikera hadi nikawa nafokea watu nyumbani bila sababu.

Mume wangu alifanya kazi kiwandani, na huko mafundi walipangwa kwa gredi: ya tatu chini, ya pili katikati, ya kwanza juu. Yeye alikuwa na ya tatu. Akanichorea ngazi nzima nyuma ya kalenda, na juu kabisa ya gredi ya kwanza akaandika diploma. Hoja yake ilikuwa kwamba hajapata kumwona mwenye diploma amechafuka mikono. Kwa hiyo diploma iko juu, na mwenye akili haanzii chini ikiwa anaweza kuanzia juu. Niliimeza hoja hiyo bila kuitafuna. Wala hatukuwa peke yetu, maana siku hizo vyuo vilikuwa vikiota juu ya maduka kama uyoga, na vyote vilijaa.

Changu kilikuwa juu ya duka la unga na mafuta ya taa. Mkuu wa chuo alivaa tai hata Jumamosi. Nilipomuuliza kama chuo kinatambuliwa, alinionyesha kwa kidole fremu iliyokuwa ukutani, ndani yake karatasi yenye nembo ya serikali, nambari na sahihi. Nikaona nembo, nikatosheka, sikusoma zaidi. Kwa miezi tisa nikawa nahudhuria alasiri za siku nisizofundisha. Kila somo lilikuwa na krediti zake, na mkuu alituhakikishia kwamba tukishakusanya za kutosha tutazihamishia chuo chochote kikubwa, hata ng'ambo, na hakuna atakayeturudisha nyuma. Nilijifunza historia ya magauni ya Ufaransa. Nilichora makoti ya manyoya ya kuvaliwa kwenye theluji, nikapewa krediti nane kwa makoti hayo, na mpaka leo sijamjua mtu wa Umoja aliyeyahitaji. Yule bwana alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nasi tukang'aa. Siku ya kupewa diploma mchungaji aliniombea mbele ya watu wote.

Ofisa wa wizara alipokuja kulikagua darasa, alikuwa kijana mpole mwenye faili ya kahawia. Aliishika diploma yangu, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Ukurasa wa krediti hakuufungua. Nikamwonyesha mimi mwenyewe, akaniambia taratibu kwamba krediti ni ahadi baina ya chuo na chuo, na hakuna chuo kilichomwahidi huyu mkuu wenu chochote. Nikamtajia ile karatasi ya ukutani, akasema ilikuwa leseni ya biashara, sawa na ya duka la unga lililokuwa chini yake. Wizara haikukijua chuo hicho, haikuwahi kukagua kilichofundishwa humo, na diploma ya mtu asiye na mamlaka ya kuitoa haipo juu ya gredi wala chini yake; haipo popote. Mwalimu wa politekniki, akasema, ni lazima awe na gredi ya pili. Ya pili haifanywi bila ya tatu, na kati ya hizo mbili ni lazima mwaka mzima upite. Nikauliza kuhusu miaka yangu ya kufundisha. Akaifunga faili yake.

"Mama, ungeanza na gredi ya tatu wakati ule ulipoingia chuo hicho, saa hii ungekuwa karibu na ya pili."

Aliipa kamati miaka miwili. Nilirudi nyumbani nikaing'oa kalenda ukutani, ngazi na yote, na mume wangu hakuthubutu kuuliza tarehe.

Gredi ya tatu niliifanya pamoja na wawili kati ya wanafunzi wangu. Wasichana ambao niliwafundisha hata kutia uzi kwenye sindano walikaa kushoto kwangu na kulia kwangu, sote watatu tukishona shimizi ya mtoto. Sote tukapita. Mmoja wao alinikumbatia mlangoni akaniambia, "Ticha, sasa sisi ni maklasmeti!" Nilicheka naye, kwa kuwa hakuwa na ubaya. Ndani mori ulikuwa umenipanda.

Kisha nikangoja mwaka wangu. Nilifundisha kama kawaida, nikashona kama kawaida. Mwaka huo haukuniongezea ujuzi hata wa kifungo, lakini ulitakiwa upite, ukapita.

Jaribio la gredi ya pili lilifanyika katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Kila mtu alikwenda na mkasi wake, tepu, chaki na sindano. Kazi yenyewe ilikuwa sare ya msichana wa miaka kumi, vipimo vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi: kifua, kiuno, urefu, pindo la chini inchi mbili, kitambaa cha ndani ya mshono nusu inchi. Niliisoma karatasi hiyo. Naapa niliisoma, tena mara mbili.

Lakini mikono ina mazoea yake. Pale kwetu, kuanzia Umoja mpaka Dandora, hakuna mama anayekubali sare yenye pindo la inchi mbili. Msichana wa miaka kumi anarefuka kila likizo, na sare moja inapaswa kumfikisha darasa la saba, kisha imfae mdogo wake. Kwa hiyo fundi huacha pindo la inchi nne, huacha inchi nzima ndani ya mishono ya ubavuni, na kiunoni huficha kunjo ambalo mtu hawezi kuliona. Kila Januari mama analeta nguo, fundi anafumua, anateremsha, anapiga pasi juu ya kitambaa kibichi ili mstari wa zamani ufutike. Anayebana pindo anaitwa mwizi wa kitambaa, na jina hilo halitoki. Nilikuwa nimekata mamia ya sare hizo. Siku ile nilikata vivyo hivyo tena, kwa haraka, kwa raha, na nilipomaliza kabla ya wengine nilijiona hodari.

Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliichukua nguo yangu akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kola, akaniambia kola ile ingeweza kupita hata kwa gredi ya kwanza. Kisha akaweka tepu kwenye pindo. Akapima tena. Akaniuliza kama nilisoma karatasi, nikasema ndiyo. Nikamweleza habari za Januari na akina mama, na jinsi mtoto anavyokua. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilinitia matumaini.

"Huyu wa kwenye karatasi hakui, mama," akasema, akaandika.

Nilianguka jaribio. Ningeweza kurudia baada ya miezi sita, na hapo ile miaka miwili ya ofisa ingekuwa imebaki wiki chache tu.

Nilimchukia yule mama kwa siku kadhaa. Nilimtengenezea majibu nikiwa naosha vyombo, majibu makali ambayo sikuyatoa nilipokuwa mbele yake. Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Msichana wangu akiajiriwa kiwandani akaacha inchi nne kwenye kila nguo, atafukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na kosa litakuwa la aliyemfundisha. Karatasi ikisema mbili ni mbili. Hilo nililikubali. Nilichoshindwa kukikubali, na sijakikubali mpaka leo, ni kwamba kwenye fomu yake hapakuwa na hata mstari mmoja wa kuandika kwamba mtu huyu anajua kwa nini aliweka nne.

Basi nikaifundisha mikono yangu upya. Nilichana mashuka makuukuu, nikawa nakata sare za yule msichana asiyekua, jioni baada ya jioni, tepu shingoni, nikijipima na kujisahihisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Mikono ikazoea kupita kiasi. Mama mmoja wa mtaa wa Mowlem, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na sare niliyomshonea bintiye akaitupa juu ya cherehani. Pindo lilikuwa la inchi mbili. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Aliniuliza kama siku hizi naficha kitambaa cha watu, nikaishona upya kwa kitambaa changu. Hakurudi tena, na niliona uchungu wa hilo kuliko wa kuanguka jaribio.

Mara ya pili nilipita. Mtahini alikuwa mwingine, hakusifu kola wala hakuuliza kitu. Alipima, akaweka alama, akaenda meza iliyofuata. Cheti kilitufikia siku kumi kabla ya ofisa kurudi.

Alirudi na fomu ya kuniajiri, tukakaa katika ukumbi wa kanisa yeye, mwenyekiti na mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa sita wa kufundisha. Cherehani mpya zilikuwa zimeshaletwa, zimepangwa kando ya ukuta, na kupitia dirishani niliwasikia wasichana wakizozana nani atapewa ipi. Wasichana wa mwanzo walikuwa wameshaondoka zamani. Mmoja alikuwa akishona Kariobangi na ameajiri wengine wawili. Ofisa alinisomea fomu aliyokuwa ameijaza. Jina langu. Cheti: gredi ya pili. Uzoefu wa kufundisha: hapo alikuwa amechora kistari.

Nilimwambia amesahau. Akasema hakusahau. Uzoefu huhesabiwa kuanzia tarehe ya cheti, na cheti changu kilikuwa na wiki mbili. Miaka ya nyuma, kwa wizara, haikuwa ya mwalimu. Nikauliza basi ilikuwa ya nani, na wale wasichana nani aliwafundisha. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na nadhani huruma hiyo ndiyo iliyonivunja moyo, kwa maana ilionyesha kwamba na yeye aliona, na haikusaidia kitu.

Mwenyekiti hakuwa amefuatilia sana. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefikisha mzigo wake nyumbani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hongera, mwalimu. Sasa unaweza kuanza."

Nikatia sahihi chini ya kile kistari, nikaenda darasani, nikaanza.