Titi la Ulezi

Nilipokatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nilipona vizuri kuliko nilivyotegemea. Kilichobaki kunisumbua ni mwili kuelemea upande mmoja. Gauni lilivutwa kulia, bega liliuma kila jioni, na kwenye kwaya nilijikuta nimehamia mstari wa nyuma bila kuambiwa na mtu. Mwaka wa pili daktari wangu wa Mbeya akasema ninaweza kuwekewa titi bandia nikitaka. Akanipa mwezi mmoja wa kufikiri: nikubali kisu tena, au nikatae.

Mimi ni muuza nafaka sokoni Sumbawanga. Nilisoma mpaka darasa la saba, mengine nimejisomea. Nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, na kila nilichokisoma kwenye simu nilimpigia muuguzi wa kliniki anihakikishie kabla sijakiandika kwa wino.

Upande mmoja niliandika titi la maji ya chumvi. Hilo ni nafuu kidogo, na likipasuka maji hunyonywa na mwili, titi hulala, nawe unajua mapema. Upande wa pili, la jeli ya silikoni. Ni laini, limekaribia nyama yenyewe, lakini ni ghali zaidi, na linaweza kuvuja kimya kimya, kwa hiyo mtu hurudi hospitali kupigwa picha hata kama haumwi. Yote mawili ganda lake ni la silikoni. Muuguzi alinionya kwamba ganda lenye uso wa kukwaruza limehusishwa na saratani fulani ya nadra, hivyo niulizie lenye uso laini. Hakuna linalodumu maisha yote. Hapo nilipiga mstari mara mbili, maana kifua changu kilipigwa mionzi, na ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa taabu.

Kilichokosekana daftarini ni uzito. Siwezi kununua kitu ambacho sijakipima. Nikamwita wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayeishi naye jirani hapa Katandala. Tukaweka beseni ndani ya sinia kubwa, tukalijaza maji hadi ukingoni.

"Inama, wifi."

"Maji ya baridi haya!"

"Kwani unaoga? Zamisha!"

Nikazamisha titi lililobaki. Maji yaliyomwagika kwenye sinia tuliyamimina kwenye jagi lenye mistari: mililita mia nne kasoro kidogo.

"Kaka yangu anajua kwamba hata nusu lita haifiki?" akauliza wifi.

"Hajawahi kulalamika."

"Basi kapunjwa, na yeye kanyamaza!"

Nilishona kifuko cha kitambaa, nikakijaza ulezi mpaka uzito ukalingana na wa maji yale. Ulezi ni punje ndogo, hutulia mwilini. Nikakitia ndani ya sidiria, nikaamua kukivaa wiki nzima. Siku ya pili tu bega lilinyamaza. Gauni likakaa sawa. Siku ya tatu mvua ilinikuta kwenye bodaboda. Nilifika nyumbani, nikafuta kifuko kwa taulo, nikakirudisha. Mimi huyo huyo ambaye sipokei gunia la mtu kabla ya kutafuna punje nijue kama imekauka.

Siku ya sita tulikuwa kwenye sala ya jumuiya, uani kwangu. Wifi alikaa ubavuni mwangu, akaanza kunusa.

"Nani kaleta kimea?" akaninong'oneza. Kisha akachungulia kwenye kola yangu, akaziba mdomo. "Wifi. Umeota."

Vimizizi vyeupe vilikuwa vimetoboa kitambaa. Joto la mwili na ule unyevu vilitosha. Tulicheka mpaka mwenyekiti wa jumuiya akatutazama juu ya miwani, tukakimbilia jikoni. Tulipokikata kifuko kwa mkasi, ulezi ulitoka kama kiota cha ndege.

"Usitupe!" wifi akasema huku akifuta machozi. "Tuuanike, tupike pombe. Wangapi wamewahi kunywa titi la mke wa kaka yao?"

Nilipoketi baadaye na daftari, nilijua jibu langu. Uzito ule niliuhitaji. Lakini ulipoharibika, niliutoa kwa mkono wangu mwenyewe, jikoni, nikicheka. Gharama ya kulitoa titi lililoshonewa ndani sikuwa nimeiandika popote, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Nataka la silikoni, la kuvaa na kuvua," nilimwambia daktari. "Kisu sikitaki."

Akaniambia nikibadili mawazo mlango uko wazi, akanipeleka kwa muuguzi. Nilimtajia muuguzi kipimo kabla hajanyoosha futi yake.

"Ulipimwa hospitali gani, mama?"

"Katandala. Kwenye beseni."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake nimsimulie upya. Kisha akafungua boksi. Nililivaa pale pale, nikajitazama kiooni kwa mbele, kwa ubavu, na kwa mbele tena. Boksi tupu nilimwachia. Nikaenda stendi kwa miguu, mikono mitupu, nimenyooka.