Nyuma ya Picha ya Mgombea

Juzi nilikuwa kwenye chumba kimoja cha makumbusho hapa Moshi, nikitazama kadi ya kampeni ya urais, ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mgombea anatabasamu, na chini ya picha ameahidi maji kwa kila kaya. Kadi imefungiwa kwenye kioo kwa heshima zote.

Wakaingia wazee wawili kutoka huko juu migombani, buti zina tope, wamenuniana.

"Shikamooni," akasema dada mhudumu.

"Marahaba. Mjukuu wangu, tugeuzie hiyo kadi," akasema wa kwanza.

"Babu, hii ni kumbukumbu ya taifa. Haiguswi."

"Ya taifa ni hiyo sura. Huko nyuma niliandika zamu zetu za maji ya mfereji, siku tulipopatana majirani wote. Mke wangu akaja kuwapa ninyi kadi yenyewe. Sasa huyu anadai Alhamisi ni yake."

Dada alisita, kisha akavaa glavu nyeupe, akafungua kioo na kuigeuza kadi kwa ncha za vidole. Mzee wa pili akainama, akasoma huku kidole kikifuata mistari hewani, bila kugusa.

"Alhamisi ni yako," akasema, akajikuna kisogo. "Haya twende tukanywe, mbege ni juu yangu."

Wakatoka wakicheka. Dada akafunga kioo, lakini kadi hakuigeuza tena. Sikumkumbusha. Ahadi ya maji tulishaisoma miaka yote. Maji yenyewe yalikuwa upande wa pili.