Valiant ya Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alipovunjika nyonga, tukakubaliana ahame Soweto aje kukaa nasi mtaa wa Bertrams, katikati ya Johannesburg. Alitoa sharti moja tu: haji bila gari. Gari lenyewe lilikuwa Valiant ya marehemu mumewe, lililolala chini ya turubai tangu mzee alipofariki mwaka 1985. Nilidhani ni utani wa wazee. Siku ya kuhama, Valiant ilifika getini kwetu ikiwa imekokotwa, na bibi nyuma yake ndani ya teksi, akimfokea dereva asiiache ikapotea machoni.

Nasikia Wamarekani, walioliunda, huliita hilo gari dogo. Sijui wenzetu wana viwanja vya namna gani. Kwetu lilijaza uwanja mzima, kamba yangu ya nguo ikang'olewa, na kwa miaka minne nikawa naanika mashuka juu ya ukuta kama mtu asiye na kwao.

Nilivumilia kwa sababu nilijua lina kazi gani. Kwa kina mume wangu Sipho, mtu akifia mbali na nyumbani, roho yake hubaki pale pale mpaka mtu wa ukoo aende kuichukua. Huenda na tawi la mti wa miiba waitao umlahlankosi, humwita marehemu kwa jina, humwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo, mwenye tawi haongei na mtu yeyote ila marehemu. Humwambia hapa tunavuka mto, hapa tunakata kona, asije akaachwa njiani. Baba mkwe alifia hospitalini, na mwanawe wa pekee, ambaye ndiye aliyepaswa kumchukua, wakati huo alikuwa uhamishoni kwetu Morogoro, akitengeneza malori ya wapigania uhuru na kunifuatafuata mimi.

Tulirudi naye Johannesburg mwaka 1992, nikiwa na cherehani yangu na binti yetu Lindiwe mgongoni. Tangu hapo mama mkwe alikuwa akisema neno lile lile: "Nendeni mkamchukue baba yenu. Lakini kwa gari yake. Yule hakuwahi kupanda teksi, hatapanda sasa." Na Sipho alikuwa akijibu, "Ndiyo, Mama, nikipata nafasi nitalitengeneza." Mimi ni Mkatoliki wa Morogoro, nina yangu ninayoyaamini, lakini mjane anayengoja mumewe aletwe nyumbani namwelewa bila kufundishwa.

Mwaka 2016 Sipho alistaafu kwenye karakana ya mabasi, akakosa kisingizio. Akafunua turubai, akaanza kazi, na sitamnyima haki yake: mume wangu ni fundi. Aliishusha injini, akaisafisha silinda baada ya silinda, zote sita. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata paka alipita humo akitokea upande wa pili. Jirani yetu Placide, mchomeleaji kutoka Lubumbashi, akaweka bati jipya. Mimi nilishona viti upya kwa kitambaa cha rangi ya maziwa, nikiufuata mshono wa zamani. Mwanzoni mwa 2018 Valiant iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikatulia. Mama mkwe alipiga vigelegele akiwa dirishani, na mimi nikaanza kuwaza bei ya mbuzi wa kumpokelea mzee.

Hapo ndipo Sipho akasema breki za zamani haziaminiki.

Sawa, breki ni roho ya mtu. Akazunguka kwenye yadi za skrepa mpaka Turffontein, akapata breki za diski, akazifunga mbele. Kisha akasema mikanda: enzi hizo gari halikuwa na mikanda. Akafunga mikanda. Kisha mfumo wa cheche wa zamani nao haufai, lazima uwe wa kielektroniki. Kisha rejeta kubwa zaidi. Kisha redio! Nikamuuliza, "Baba Lindiwe, marehemu anataka kusikiliza habari?"

"Haraka haraka haina baraka," akanijibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Na ngojangoja huumiza matumbo. Mama yako ana miaka themanini na nne."

Akanyoosha mkono nimpe spana. Mama mkwe wakati huo alikuwa ameanza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku moja aliniuliza kama ng'ambo ya pili mume na mke hukutana hata kama mmoja wao bado yuko hospitali. Nilimwambia sijui, nikaenda jikoni kulia. Nilikuwa na hasira na mwanawe kiasi kwamba chai yake nilimtilia chumvi, na wala sijutii.

Placide ndiye aliyenifumbua macho. Nilimkuta getini akifunga mitungi yake ya gesi, nikamuuliza gari limebakiza nini.

"Mama, motokari iko sawa," akasema. "Iko sawa kutoka mwezi ya tatu. Unaweza kufika nayo Lubumbashi. Ni mwenyewe ndiye hayiko sawa. Anaogopa."

Anaogopa nini? Usiku huo sikulala, nikaunganisha mambo. Sipho aliondoka kwao mwaka 1977 akiwa kijana, akavuka mpaka bila kumuaga baba yake. Habari za kifo zilimfikia miezi kadhaa baada ya maziko. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akisema sentensi mbili mfululizo kuhusu mzee. Na sasa anatakiwa asimame mbele yake na kuzungumza naye, kwa sauti, safari nzima. Ukweli ni kwamba ile Valiant mbovu ilimpa nafuu. Ilipopona, akawa anaitafutia ugonjwa. Hasira yangu iliisha hapo hapo, ikabaki huruma, lakini huruma haimleti mtu nyumbani.

Asubuhi nikamwambia: Jumamosi.

Akanikazia macho. "Eish, Hyasinta. Mwenye tawi hawezi kuwa dereva. Ataongeaje na marehemu huku anaongea na robot, mara nyekundu, mara kijani? Tumngoje binamu yangu wa Durban aje aendeshe."

"Lete ufunguo," nikasema.

"Wewe? Gia iko kwenye usukani!"

"Nimeendesha ndoa hii miaka yote na sijaona gia yake iko wapi. Lete ufunguo."

Alicheka, jambo ambalo sikulitegemea, akanipa. Siku tatu nilizunguka mitaa ya nyuma ya uwanja wa Ellis Park nikipambana na ile gia, Placide kando yangu akiomba kwa Kifaransa. Gari zito, lakini tiifu. Zile breki ambazo nilizisema vibaya zilinitoa jasho la aibu kwa jinsi zilivyoshika.

Jumamosi tukaenda. Mama mkwe alivaa blanketi lake jipya mabegani, akakaa mbele nami. Sipho alikaa nyuma na tawi mapajani. Hospitalini muuguzi hakushangaa hata kidogo, wanaona watu wenye matawi kila wiki. Wodi aliyofia mzee siku hizi ni stoo ya vitanda. Akatufungulia, akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa.

Sipho akasimama katikati ya vile vitanda vilivyopangwa, tawi mkononi. Tukangoja. Alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Shingo yake ilikuwa imetoa mishipa kama mtu anayeinua mzigo, lakini neno halikutoka. Mama mkwe aliniegemea. Nilijua tukitoka pale mikono mitupu, yule bibi hataishi mpaka arudi tena.

Kwao, mke wa mtoto hapaazi sauti mbele ya baba mkwe, wala jina lake halitamki. Lakini kwetu huwezi kuingia mahali alipo mzee ukasimama tu kama gogo. Nikapiga goti pale sakafuni.

"Shikamoo, Baba," nikasema. "Mimi ni Hyasinta, mke wa Sipho. Hatujawahi kuonana. Mwanao yuko hapa, ana neno na wewe, linamkwama."

Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi. Nikajua nimevunja mwiko, na niko tayari kutozwa faini.

Kisha Sipho akaanza kuongea, kwa Kizulu, sauti ya chini mno. Alimwita kwa jina la ukoo. Akasema, ni mimi. Akasema, sikukuaga kwa sababu ungenizuia, na ungenizuia ningebaki. Akasema, niliambiwa umefariki nikiwa chini ya lori, nikaendelea kufunga nati, sikujua la kufanya. Akasema, nisamehe, twende nyumbani, gari lako liko nje.

Njiani hakunyamaza. Alimweleza kila taa ya robot, kila daraja. Alimweleza breki mpya, akamwambia asiogope mkanda. Mama mkwe alitazama mbele, machozi yakimchirizika mpaka kwenye blanketi, na kila Sipho alipomsifia mzee gari lake, alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaliendesha taratibu, magari yakitupigia honi nyuma.

Tulipofika getini nikashuka nimfungulie Sipho mlango, maana mwenye tawi hupaswa kuingia ndani moja kwa moja, aliweke kwenye kona ya wazee wa ukoo. Mama mkwe akanishika mkono.

"Acha, makoti," akasema, neno lao la kumwita mke wa mtoto. "Waache kwanza."

Tukaingia jikoni, yeye akijikongoja, mimi nikimshika kiuno. Nikachemsha chai. Kupitia dirishani tulimwona Sipho bado kwenye kiti cha nyuma, tawi mapajani, midomo ikienda, ameinama kidogo upande wa kiti cha dereva, kile cha baba yake. Placide alikuja kuuliza kama amchinje mbuzi. Mama mkwe akamwambia mbuzi hana haraka, akae anywe chai.