Shavu la Bi Harusi

Mchoraji wetu wa picha za maharusi hapa Aswan hagusi kitufe cha kulainisha rangi. Huipitisha kalamu juu ya kibao cha kielektroniki kama anayempangusa mtoto machozi, huchota rangi iliyo katikati ya mbili, huipaka tena zinapokutana, mpaka usijue mwanga na kivuli vimeachana wapi. Jana shangazi wa bi harusi, uso umejaa poda, alimwinamia.

"Fundi, mng'arishe basi. Awe mweupe kidogo!"

"Hajjat, mimi sioshi watu. Nachora."

Akaendelea, weusi juu ya weusi, hadi shavu la binti yetu likawaka kwenye skrini. Shangazi akapitisha kidole akitafuta rangi inapobadilika, asipaone. Kisha akajifuta poda kwa ncha ya mtandio, akakaa kitini.

"Haya, na mimi."