Taa Niliyoizima Mwenyewe

Mimi ndiye mwenye kosa. Nalisema mwanzo ili usije ukanionea huruma bure.

Nimezaliwa kisiwani Chovae, na kabla ya kuhamia Kismayo kuendesha bajaji nilikuwa mvuvi. Kwetu, anayeshika usukani wa mashua gizani huzima taa. Mwanga wa karibu hupofusha. Ukiuzima, macho huzoea giza na unauona mwamba kwa ule weupe wa maji yanapoupiga. Marehemu baba alinifunza hivyo, nami nimepita miamba ya Fuma mara nyingi bila taa na bila kukwaruza hata ubao.

Tabia hiyo nikaipandisha barabarani. Njia zetu nyingi ni mchanga na vumbi, na jioni taa ya bajaji humulika vumbi tu, mbele huoni. Nikawa nazima. Abiria wakilalamika nawacheka, nawaambia mimi mtoto wa bahari. Ujinga mtupu!

Siku hiyo aliyekaa nyuma ni mke wangu, Mama Zena, mikono ina hina, tunakwenda arusini kwa mdogo wake. Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa.

"Baba Zena, washa taa," akaniambia kwa lafudhi yetu ya visiwani.

"Naona vizuri zaidi bila taa."

"Wewe waona. Na wachu wengine je? Mchu hakuoni."

Nikamwambia asinifundishe kazi.

Gari la maji likatokea njia ya pembeni, likatugonga nyuma, upande aliokaa yeye, bajaji ikapinduka ikaangukia mbele. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alivunjika nyonga. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu za hina, alishuka, akaapa kwa Kisomali kwamba hakuona kitu mbele yake.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kweli. Badala yake, askari alipouliza, nikajibu kwamba taa yangu ilikuwa inawaka na huyo bwana ndiye aliyekuja kwa kasi. Taa yenyewe ilikuwa imesagika, nani angenipinga? Wazee wakakaa kusuluhisha, lawama zote zikamwangukia yeye, na mwenye gari akamfukuza kazi.

Mke wangu aliyasikia haya hospitalini, nikiwasimulia jamaa waliokuja kumjulia hali. Hakunisuta mbele ya watu. Aligeuza uso akatazama ukuta.

Alipoweza kusimama na mkongojo, aliomba apelekwe kwa mama yake Chovae, na Zena wetu akaenda naye. Nilidhani anakwenda kupumzika. Nilipomfuata alinipa chai, akaniuliza hali, kisha akasema taratibu:

"Nyonga itapona, na kwa hilo nimekusamehe tangu siku ile. Lakini yule mchu umemkosesha kazi kwa uwongo, na mimi nimo ndani ya uwongo wako. Nenda ukamwambie kweli, nami nitarudi."

Unajua nilifanya nini? Nilinuna. Nikarudi Kismayo, nikangoja yeye ndiye anifuate.

Ramadhani ikaingia, nikafuturu peke yangu kwenye mkeka tuliokuwa tukikaa watatu. Nilikuwa napika uji wa kutosha watu watatu kwa mazoea, halafu namwaga. Majirani wakiniletea sambusa nawazuia mlangoni kwa maneno, nipate tu kusikia sauti ya mtu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu ajabu, na sikuwa na wa kutembea naye. Nilikuwa mpweke, ndugu yangu, siwezi kuficha.

Baada ya Idi ndipo nikajikaza. Nikawaendea wazee nikasema kweli. Nikaenda kwa mwenye gari.

"Yule ameshaondoka," akaniambia. "Hapa kila mtu alikuwa akimwogopa, wakisema macho yake mabovu, hakupata gari la kuendesha. Nimesikia yuko Ras Kamboni."

Nikaenda Ras Kamboni. Wakaniambia alipita, amevuka mpaka kwenda Kenya, hawajui wapi.

Nikampigia simu Mama Zena. "Wazee umewaambia, umefanya vizuri," akasema. "Na yeye je?" Nikamwambia simpati. "Basi mtafute, Baba Zena." Zena akaomba simu, akaniuliza nitakuja lini kumchukua.

Nyinyi mnaoendesha, taa washeni mapema, jua likiwa bado halijazama. Si ya macho yako peke yako, ni ya macho ya mwenzako anayekuja. Usidhani kwa kuwa wewe unaona, basi nawe unaonekana. Na likikufika, sema kweli askari akiwa bado amesimama mbele yako, kwa maana kesho wa kumwambia huenda hayupo.

Na wewe bwana wa gari la maji, kama haya yamekufikia huko uliko: hukukosea, na macho yako hayakuwa na ubovu wowote. Taa yangu haikuwa ikiwaka. Niliizima mimi.