Thirza Anyamaza Ukumbini

Binti yangu Thirza alianza kuwatangazia wachezaji hatua za dansi hapa Vermont kwa kumwiga mzee Orrin, mtangaza hatua mkongwe, hadi kikohozi chake. Watu wakaanza kumcheka.

Jumapili watangaza hatua walikutana jikoni kwangu, wakabishana huku wakinywa supu ya mahindi.

"Mama Thirza, umetuzalia Orrin wa pili!" Lovina, mmoja wao, alinitania.

Orrin akacheka, akamgeukia Thirza. "Wachezaji wakishashika hatua, sisi watangazaji sote hunyamaza. Wewe, mwanangu, huwa unanyamaza lini?"

"Unaponyamaza wewe."

"Achana na mimi. Sikiliza miguu yao."

Jumamosi ukumbini Thirza alitangaza kwa sauti yake mwenyewe, nyororo, kisha akanyamaza mapema mno. Nikashika kiti kwa hofu. Mistari ya wachezaji haikuvurugika. Fidla iliendelea, sakafu ikanguruma, watu wote wakageuka pamoja bila kuambiwa neno. Nimemzaa mimi, lakini nilimtazama kama mgeni wa heshima.