Siku Mtani Wangu Alipoacha Kunitania

Pale chuoni Chimwaga nilikuwa mtu wa mbio za mita mia nane, basi. Hata mhadhiri mmoja aliniita hivyo darasani. Kisha msuli wa paja ukachanika, daktari akanipumzisha, na kila niliyekutana naye akaniuliza narudi lini kiwanjani. Lini, lini, lini. Ilinikera mpaka nikaona heri nisitoke chumbani.

Watu hudhani nilikuwa na huzuni. Huzuni ingekuwa afadhali. Mimi nilikuwa na ganzi. Mama akipiga simu kutoka Hombolo, niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Kuoga tu kulikuwa kazi ya kujipanga tangu asubuhi.

Katika timu nilikuwa na rafiki Mnyamwezi, na mimi Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani, na mgeni angedhani tunagombana. Alizoea kuniambia kwamba nikifa atakuja msibani kwetu, avae raba zangu aigize ninavyokimbia mbele ya waombolezaji, na hakuna wa kumfukuza, maana mtani ana haki yake. Nami nilimrudishia yaleyale. Kwa hiyo jioni moja aliponikokota kwenda kutazama mazoezi, wenzetu wakijinyoosha mwishoni, nilipomwambia zile raba azichukue tu sasa, sioni sababu ya kuendelea kuishi, kiwanja kizima kilicheka. Kocha naye alicheka. Wangejuaje? Kwetu mtani akitaja kifo chake, unacheka.

Mtani wangu alicheka pamoja nao, halafu akaacha. Alinifuata hadi bwenini, akafunga mlango, akakaa sakafuni.

"Sikutanii sasa," akasema. "Unataka kujiua?"

Nilikasirika. Mtu anaulizwaje swali kama hilo, tena na mtani! Lakini alikuwa ametulia pale chini, hana haraka yoyote, na mimi sikuwa na nguvu ya kudanganya.

"Nadhani ndiyo," nikasema, kwa sauti ileile ninayosemea kwamba nimeshakula.

Hakunihubiria. Alisema haniachi peke yangu, na kwamba siri hii hataitunza. Nilimwita msaliti, akasema sawa, huku akitafuta namba ya mshauri wa wanafunzi. Akampigia, tukaenda wote ofisini kwake, yeye akiwa ameshika mkoba wangu. Mimi niliingia, yeye akabaki kwenye benchi la nje.

Mshauri, mama wa makamo, aliniuliza mengi. Nilimjibu yote nikiitazama feni, kama namsimulia habari za jirani. Mwisho akasema mazungumzo yatachukua muda, kwa hiyo yule mwenzangu anaweza kwenda kupumzika. Akainuka kumwambia.

"Asiende," nikasema.

Ndipo nilipoanza kulia.